Neno "Sawa" na Mizani ya Sheria: Lugha katika Mapambano dhidi ya Utengano wa Rangi Marekani

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili sanifu neno ubaguzi limebebeshwa mzigo mkubwa. Mtu anayemchukia mwenzake kwa sababu ya rangi ya ngozi huitwa mbaguzi. Mkahawa unaokataa kumhudumia mteja kwa sababu hiyohiyo husemwa kuwa unabagua. Nayo dola inayotunga sheria ya kuwatenga raia wake shuleni, garini, hospitalini na hata makaburini husemwa kuwa na ubaguzi wa rangi. Mambo hayo matatu yana udugu, lakini si jambo moja. La kwanza limo moyoni, la pili ni tendo, na la tatu ni utaratibu uliowekwa kwa maandishi na kulindwa na polisi na mahakama. Ili hoja zisichanganyike, mhadhara huu unaliita jambo la tatu utengano, na unaliacha neno ubaguzi libaki na maana yake pana.

Mhadhara unaeleza jinsi utengano ulivyojengwa kisheria nchini Marekani baada ya mwaka 1865, na jinsi ulivyobomolewa kisheria kati ya mwaka 1954 na 1968. Hoja yake kuu ni kwamba sheria nyingi za utengano hazikuandikwa kwa lugha ya chuki. Ziliandikwa kwa lugha ya usawa, au kwa lugha isiyotaja rangi kabisa. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya mapambano ya haki za raia ilikuwa mapambano juu ya maana ya maneno machache, na ushindi ulipata nguvu pale sheria ilipoacha kutangaza kanuni tupu ikaanza kuyataja matendo kwa majina yake.

2.0 Ahadi ya Katiba

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, Katiba ya nchi hiyo iliongezewa marekebisho matatu. Rekebisho la 13, la mwaka 1865, lilifuta utumwa. Rekebisho la 14, la mwaka 1868, liliwafanya watu wote waliozaliwa nchini humo kuwa raia, na kulikataza jimbo lolote kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Rekebisho la 15, la mwaka 1870, lilikataza kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi au kwa sababu aliwahi kuwa mtumwa. Mwaka 1875 Kongresi ilikwenda mbali zaidi, ikatunga sheria ya kuwahakikishia watu wote huduma sawa katika nyumba za wageni, vyombo vya usafiri na kumbi za michezo ya kuigiza.

Sheria hiyo ya mwisho haikudumu. Mwaka 1883 Mahakama ya Juu iliifuta, ikieleza kwamba Rekebisho la 14 linayazuia majimbo tu, wala halimzuii mwenye hoteli au mwenye ukumbi. Tafsiri hiyo ya neno moja, "jimbo", iliwaacha wenye biashara huru kuchagua wateja wao kwa rangi kwa muda wa miaka zaidi ya 80. Majeshi ya serikali kuu yalikuwa yamekwisha kuacha kuzilinda serikali za majimbo ya kusini zilizokuwa zikiungwa mkono na watu weusi tangu mwaka 1877, na kwa hiyo ahadi ya Katiba ilibaki imeandikwa bila mlinzi.

3.0 "Sawa" ya Mwaka 1896

Mwaka 1890 jimbo la Louisiana lilitunga sheria iliyozitaka kampuni za reli kuweka mabehewa yaliyo "sawa lakini yaliyotengwa" kwa wazungu na kwa watu weusi. Msafiri aliyekaa kwenye behewa lisilo lake alistahili faini ya dola 25 au kifungo kisichozidi siku 20. Kamati ya raia wa New Orleans iliamua kuipinga mahakamani. Tarehe 7 Juni 1892 Homer Plessy, ambaye kati ya wazazi wanane wa babu na bibi zake saba walikuwa wazungu, alinunua tiketi ya daraja la kwanza, akaketi katika behewa la wazungu na kujitambulisha kuwa ni mtu mweusi. Akakamatwa.

Kesi hiyo ilifika Mahakama ya Juu na kuamuliwa tarehe 18 Mei 1896 kwa kura saba dhidi ya moja. Mahakama ilisema kuwa kuwatenga watu si kuwadharau. Iwapo watu weusi waliiona sheria hiyo kuwa alama ya unyonge, basi, kwa hoja ya majaji wale, maana hiyo hawakuipata katika sheria bali waliitia wenyewe. Mtu wa taaluma ya lugha hawezi kuipita hoja hii bila kusimama. Majaji walidai kwamba tendo la dola halina maana mpaka mtendewa alipe maana, na kwamba akiona vibaya, kosa ni la macho yake.

Hata hivyo, sheria ya Louisiana ilijifichua yenyewe. Kifungu chake kimoja kilisema kwamba masharti yale hayawahusu yaya wanaowalea watoto wa rangi nyingine. Kwa maneno mengine, mwanamke mweusi aliyempakata mtoto wa kizungu aliruhusiwa kukaa katika behewa la wazungu, lakini mwanamke huyohuyo akiwa na mwanawe mwenyewe hakuruhusiwa. Kama jambo lingekuwa ni kutenga rangi tu, yaya naye angetengwa. Kilichokuwa kikilindwa ni cheo: mtumishi alipokelewa, raia alikataliwa.

Jaji John Marshall Harlan peke yake ndiye aliyepinga. Aliandika kwamba Katiba ya Marekani haioni rangi, na kwamba kila mtu alijua sheria ile ilikusudiwa kuwazuia weusi wasikae na wazungu, si kuwazuia wazungu. Maandishi yake yana utata, kwani humohumo alieleza imani yake kwamba wazungu ndio walioshika hatamu za nchi na kwamba wataendelea kuzishika. Isitoshe, mwaka 1899 Harlan huyohuyo aliandika hukumu iliyoikubalia bodi ya elimu katika jimbo la Georgia kuifunga shule pekee ya sekondari ya umma ya watoto weusi kwa kisingizio cha uhaba wa fedha, huku ikiendelea kusaidia sekondari za wazungu. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita, na "sawa" ilikwisha kuanguka katika "sawa lakini wametengwa". Kilichobaki ni kutengwa.

4.0 Kura Iliyonyimwa bila Kutaja Rangi

Katika suala la kura, hila ilikuwa ya namna nyingine. Rekebisho la 15 lilikataza kutaja rangi, basi rangi haikutajwa. Katiba ya Mississippi ya mwaka 1890 ilimtaka mpigakura alipe kodi ya kichwa, na pia aweze kusoma kifungu chochote cha katiba ya jimbo, au akisomewa aweze kukielewa au kukifafanua ipasavyo. Majimbo mengine ya kusini yaliiga.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, kodi ya kichwa ni jina linalojulikana tangu enzi za ukoloni. Huko Mississippi, hata hivyo, aliyeshindwa kulipa hakufungwa; alipoteza kura. Mtihani wa ufafanuzi ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu aliyeamua kama jibu ni sahihi alikuwa msajili mmoja, mzungu, asiyewajibika kueleza sababu. Mzungu asiyejua kusoma aliweza kupewa kifungu cha mstari mmoja, na mwalimu mweusi akapewa kifungu kinachowasumbua mawakili. Hapa lugha yenyewe ilifanywa kuwa kizuizi. Kusoma, ambako watumwa wa majimbo mengi ya kusini walikatazwa kufundishwa, kuligeuzwa kuwa sharti la uraia kamili wa wajukuu wao.

Louisiana iliongeza mwaka 1898 kile kilichokuja kuitwa "kifungu cha babu". Mtu hakuhitaji kufanya mtihani iwapo yeye, baba yake au babu yake alikuwa na haki ya kupiga kura tarehe 1 Januari 1867. Tarehe hiyo haikuwa ya bahati, kwani watu weusi wa jimbo hilo walikuwa bado hawajapewa kura. Matokeo yake yalionekana upesi. Weusi walioandikishwa kupiga kura Louisiana walikuwa zaidi ya 130,000 mwaka 1896. Kufikia mwaka 1904 walibaki takribani 1,300. Kifungu cha babu kilifutwa na Mahakama ya Juu mwaka 1915, lakini mtihani na kodi viliendelea.

5.0 Kulivunja Neno kutoka Ndani

Chama cha kitaifa cha kuwaendeleza watu weusi, NAACP, kilichoanzishwa mwaka 1909, kilitambua kwamba mahakama haitakubali kwa siku moja kuitupa hukumu ya mwaka 1896. Wakili Charles Hamilton Houston na mwanafunzi wake Thurgood Marshall walichagua njia ya kulikamata neno "sawa" na kuitaka mahakama ilisome kwa dhati. Kama jimbo lina chuo cha sheria kwa wazungu, kiko wapi cha weusi? Mwaka 1938 Mahakama ya Juu iliamua kwamba jimbo la Missouri haliwezi kutimiza usawa kwa kumlipia mwanafunzi mweusi akasome sheria katika jimbo jingine.

Baada ya hapo hoja ilihamia kutoka kwenye vitu kwenda kwa watu. George McLaurin alikubaliwa na Chuo Kikuu cha Oklahoma, chuo kilekile cha wazungu, lakini akawekwa katika kijichumba kilichokuwa kando ya darasa. Alipewa meza yake maktabani na meza yake katika chumba cha chakula. Mwalimu alikuwa mmoja, vitabu vilikuwa vilevile, chakula kilikuwa kilekile. Kwa hesabu ya vitu, alikuwa sawa kabisa. Mwaka 1950 Mahakama ya Juu iliamua kwamba hakuwa sawa, kwa kuwa alizuiwa kujadiliana na kubadilishana mawazo na wenzake.

Hapa Kiswahili kinasaidia kuliona tatizo. "Sawa" katika Kiswahili ni neno la vipimo: kamba mbili zaweza kuwa sawa kwa urefu. Ni neno la hadhi pia: watu wote ni sawa. Tena ni neno la kukubali: sawa, tumeelewana. Hukumu ya mwaka 1896 ilichukua maana ya kwanza na kupima mabehewa. Mawakili wa NAACP waliidai ya pili. Na wakazi waliotengwa walikuwa wakikumbusha kwamba ya tatu haikupatikana kamwe, kwa kuwa wao hawakuulizwa.

Tarehe 17 Mei 1954, katika kesi iliyobeba jina la Brown dhidi ya bodi ya elimu ya Topeka, majaji wote tisa walikubaliana kwamba shule zilizotengwa, kwa asili yake, haziwezi kuwa sawa. Ila mwaka uliofuata mahakama ilipoeleza utekelezaji, ilisema ufanyike kwa kasi iliyofikiriwa vyema. Maneno hayo mawili, kasi na kufikiri, yalivutana, na wapinzani wakashika la pili. Wilaya ya Prince Edward katika jimbo la Virginia ilizifunga shule zake zote za umma kuanzia mwaka 1959 hadi 1964 kuliko kuwachanganya watoto. Waswahili husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtoto aliyekuwa na miaka saba shule zilipofungwa alifikisha miaka kumi na miwili zilipofunguliwa.

6.0 Kutoka Mahakamani hadi Barabarani

Hukumu peke yake haikutosha, na waliolijua hilo kuliko wote ni wale waliopanda basi kila asubuhi. Tarehe 1 Desemba 1955, mjini Montgomery, Rosa Parks alikataa kumpisha abiria mzungu kiti, akakamatwa. Miezi tisa kabla yake msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alifanya vivyo hivyo. Wakazi weusi walisusia mabasi kwa siku 381. Madai yao ya mwanzo yalikuwa ya kiasi: dereva aseme na abiria kwa adabu, anayetangulia apate kiti, na madereva weusi waajiriwe katika njia zinazotumiwa zaidi na weusi. Hawakuanza kwa kudai utengano ufutwe. Dai hilo lilifikishwa mahakamani baadaye na wanawake wanne, Colvin akiwa mmoja wao, na mwezi Novemba 1956 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba utengano katika mabasi ya Montgomery ni kinyume cha Katiba.

Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne wa chuo waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka mjini Greensboro, wakaagiza kahawa na kukataa kuondoka walipokataliwa. Tendo lao liligusa pengo lililoachwa mwaka 1883, yaani mwenye biashara asiyefungwa na Katiba. Mfano wao ulienea upesi katika miji mingi ya kusini. Mwaka 1963 picha za watoto wa Birmingham wakipigwa na maji ya mipira ya zimamoto zilionekana duniani kote. Tarehe 28 Agosti mwaka huo watu wapatao 250,000 waliandamana Washington. Tarehe 15 Septemba bomu liliwaua wasichana wanne kanisani, Birmingham.

7.0 Sheria Zinazotaja Matendo

Sheria ya Haki za Raia ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 2 Julai 1964. Maseneta wa kusini walikuwa wamehutubia kwa zamu, wiki baada ya wiki, ili kura isipigwe, mpaka tarehe 10 Juni Baraza la Seneti lilipoamua kwa kura 71 dhidi ya 29 kuufunga mjadala. Tofauti ya sheria hii na ahadi za nyuma ni kwamba ilitaja mahali na matendo: hoteli, mikahawa, vituo vya mafuta, kumbi za sinema. Ilikataza ubaguzi katika ajira na katika shughuli zinazopata fedha za serikali kuu.

Hukumu ya mwaka 1883 nayo ilipata jibu. Kongresi ilitegemea zaidi mamlaka yake ya kusimamia biashara baina ya majimbo. Hoteli moja ya Atlanta yenye vyumba 216 ilipoipinga sheria, Mahakama ya Juu iliamua mwezi Desemba 1964 kwamba hoteli ambayo robo tatu ya wageni wake walitoka nje ya jimbo haiwezi kudai kuwa biashara yake ni jambo lake binafsi. Sheria haikumtaka mwenye hoteli ampende mgeni. Ilimtaka ampe chumba.

Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, ya tarehe 6 Agosti 1965, ilifuata baada ya waandamanaji kupigwa Selma tarehe 7 Machi. Watungaji wake walikuwa wamejifunza kutokana na mwaka 1890. Hawakusema tu kwamba rangi isiwe kizuizi. Waliorodhesha vizuizi vyenyewe: mtihani wa kusoma, kuandika, kuelewa au kufafanua, sharti la kiwango cha elimu, sharti la kuwa na tabia njema, na sharti la kudhaminiwa na wapigakura wengine. Katika maeneo yaliyohusika vyote vilisimamishwa, na mabadiliko yoyote ya taratibu za uchaguzi yalihitaji kibali cha serikali kuu kabla ya kutumika. Huko Mississippi weusi walioandikishwa walikuwa chini ya asilimia 7 ya wanaostahili kabla ya sheria. Mwaka 1967 walikaribia asilimia 60. Mwaka 1975 sheria hiyo iliongezewa wajibu wa kutoa karatasi za kura kwa lugha za jamii ndogo katika maeneo maalumu. Lugha iliyokuwa mlango uliofungwa sasa ilitambuliwa kuwa mlango unaopaswa kufunguliwa.

Sheria ya makazi ya mwaka 1968, iliyokataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba, ilitiwa saini tarehe 11 Aprili, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa.

8.0 Uhusiano na Afrika Mashariki

Mapambano hayo yaligusana na Afrika Mashariki kwa njia za kweli. Tom Mboya alihutubia vijana waliokusanyika Washington mwaka 1959 kudai shule zisizo na utengano. Mwaka 1960 Thurgood Marshall alishiriki mkutano wa katiba ya Kenya katika jumba la Lancaster, London, akiwa mshauri wa wajumbe Waafrika, akaandika rasimu ya sura ya haki. Kazi yake ilikuwa na mkunjo wa aina yake: wengi waliokuwa wakikaribia kutawala walikuwa Waafrika, na wachache waliohitaji kuhakikishiwa ulinzi walikuwa wazungu na Waasia. Marshall aliwaandikia ulinzi huo, kwa sababu haki aliyoidai kwao ni ileile aliyoidai kwa watu wake.

Malcolm X alifika Tanzania mwezi Oktoba 1964, akaonana na Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka huo alisisitiza kwamba "haki za raia" ni jina dogo kuliko jambo lenyewe, kwani haki za raia hudaiwa kwa serikali iliyozinyima, ilhali haki za binadamu hudaiwa mbele ya dunia nzima. Miaka miwili baadaye sherehe ya Kwanzaa ilianzishwa California, na misingi yake saba ikapewa majina ya Kiswahili, kuanzia umoja hadi imani.

9.0 Hitimisho

Maneno hayo bado yanagombewa. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, ilifuta fomula iliyoamua ni maeneo yapi yanahitaji kibali kabla ya kubadili taratibu za uchaguzi, na kifungu cha kibali kikabaki bila mahali pa kutumika. Mwaka 2023 mahakama hiyo ilikataza vyuo vikuu kuzingatia rangi kwa namna vilivyokuwa vikifanya katika kuchagua wanafunzi, na kauli ya Harlan kuhusu Katiba isiyoona rangi ilitajwa tena. Kauli ambayo mwaka 1896 ilikusudiwa kuvunja utengano ilitumika sasa kuzuia hatua zilizowekwa kurekebisha matokeo yake. Waliopinga uamuzi huo walijibu kwamba kutokutaja rangi si sawa na kuondoa ubaguzi, na historia ya mtihani wa Mississippi inatosha kuonyesha kwamba hoja yao si ya kubuni.

Kwa wanafunzi na wafasiri wa Kiswahili, funzo ni kwamba istilahi za eneo hili zinahitaji uangalifu. Chuki, ubaguzi na utengano si visawe, na haki za raia si jina jingine la haki za binadamu. Neno haki lenyewe lina utajiri, kwa kuwa hubeba kwa pamoja kile mtu anachostahili na uadilifu wa kumpa. Methali ya Kiswahili imekwisha kuliweka jambo hilo wazi: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hiyo haimwombi mwenye nguvu abadili moyo wake kwanza. Inataja tendo, na inamtaka alitende. Sheria za mwaka 1964 na 1965 zilifanikiwa kwa kadiri zilivyofuata mantiki hiyo, na zilidhoofika kila mahali ambapo tendo liliachwa bila kutajwa.